Bunduki ya Walowezi: Asili na Thamani Yake

Swali: Familia moja ya Bungoma ina bunduki ya kuwindia, yenye leseni, iliyotoka katika shamba la mlowezi karibu na Kitale. Itatambuliwaje, na ina thamani gani?

Jibu: Jina lililochongwa juu ya mtutu mara nyingi ni la duka lililoiuza, kwa hiyo ushahidi thabiti zaidi hupatikana katika mihuri ya majaribio, yaani alama zinazopigwa kwenye chuma baada ya mtutu kufyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida ili kuthibitisha uimara wake. Herufi ELG ndani ya umbo la yai huonyesha Liège, Ubelgiji, ilhali London na Birmingham zina mihuri yao. Komeo la kampuni ya Mauser ya Ujerumani peke yake halithibitishi kwamba bunduki ni ya Kijerumani, kwa kuwa John Rigby wa London naye alilitumia. Nambari ya bunduki ndiyo ufunguo wa kumjua mteja aliyeinunua, maana Rigby na Holland & Holland wametunza daftari za wateja wao.

Thamani hutegemea jina la fundi, hali ya mifereji iliyo ndani ya mtutu na uhalisi wa kitako; kuking'arisha chuma upya, jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema, huipunguza. Nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, soko ni finyu mno, na bei za minada ya London hazipaswi kuchukuliwa kuwa bei za Kitale. Bunduki isiyo na leseni ikabidhiwe polisi kwanza.