Chama cha Bandari na Kiwanja cha Mbaraki

Mgeni afikaye Mombasa huoneshwa kwanza Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 ili kulinda mlango wa bandari ya kale. Chini ya ngome hiyo na mbele ya Mji wa Kale ndipo majahazi yalipotia nanga kwa karne nyingi. Meli kubwa za chuma zilipozidi, kazi ilihamia upande wa pili wa kisiwa, mahali penye maji ya kina kirefu. Na jina lake Kilindini latokana na neno kilindi. Huko Kilindini ndiko kilikotoka chama cha mpira kiitwacho Bandari.

Bandari ni timu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, shirika lililoundwa mwaka wa 1978 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiwanja chake cha nyumbani ni Mbaraki, si mbali na gati.

Lakini Mombasa ilijua kabumbu kabla ya hapo. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, na mwaka wa 1965 ubingwa ulichukuliwa na Feisal, timu ya Mombasa. Mji huo ulikuwa pia na Liverpool, na vijana wa mitaani walijigawa kati ya timu hizo. Tangu ushindi ule wa Feisal watu wa Pwani wamengoja kwa hamu kikombe cha ligi kirudi kisiwani.

Bandari ndiyo iliyokaribia. Ilirejea katika ligi kuu mwaka wa 2013, na mwaka wa 2015 ikatwaa Ngao ya taifa. Mwaka wa 2018 ilimaliza ya pili katika ligi, nyuma ya Gor Mahia. Na msimu wa 2018/2019, ikiongozwa na mwalimu Bernard Mwalala, ikawa ya pili tena. Mwaka huo wa 2019 ilishinda Ngao kwa kuifunga Kariobangi Sharks mabao 3 kwa 1, ikapata haki ya kushindana na timu za nchi nyingine katika Kombe la Shirikisho la Afrika.

Hapo ndipo umuhimu wa kiwanja ulipoonekana. Katika mashindano hayo kila timu hucheza mara mbili na mwenzake, mara moja kwao na mara moja ugenini. Hesabu zikilingana, bao lililofungwa ugenini lilikuwa na uzito zaidi. Ndivyo Bandari ilivyoitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, kwa sare bila bao nyumbani na sare ya bao 1 kwa 1 ugenini. Kisha ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, nayo ikatolewa na Horoya ya Guinea.

Lakini huko "nyumbani" hakukuwa Mbaraki. Shirikisho la Afrika hudai mambo mengi: nyasi nzuri, viti vya watazamaji, vyumba vya wachezaji na njia salama za kuingilia na kutokea. Mbaraki haikutimiza masharti hayo, na uwanja wa Manispaa ulibomolewa katika miaka ya 2010 ili ujengwe upya, kazi ikachukua miaka mingi kuliko ilivyotazamiwa. Basi Bandari ilikwenda kucheza Kasarani, Nairobi, mwendo wa karibu kilometa 480. Mchukuzi wa gatini na mvuvi wa Mji wa Kale, ambao sauti zao ndizo nguvu ya timu, walibaki kusikiliza redio.

Mafunzo ni haya. Wachezaji hodari waweza kupatikana kwa msimu mmoja, lakini kiwanja hakijengwi kwa msimu mmoja. Chataka ardhi iliyolindwa isinyakuliwe, fedha zilizotengwa, na watu wa kukitunza kila siku. Ngome ya Yesu yasimama hata leo kwa sababu ilitunzwa: ilipoacha kuwa gereza ilifanywa makumbusho, na mwaka wa 2011 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Mji uwezao kuhifadhi kuta za zaidi ya miaka 400 hauwezi kushindwa kuwapa vijana wake kiwanja. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwanza yampasa awe na mahali pa kuchezea.