Marko Alienda Kipro: Somo kwa Waliopata D

Mafungu ya kusoma: Matendo 12:12, 13:13, 15:36-41, 2 Timotheo 4:11

Juma hili tunamsoma Yohana Marko. Kama nyumbani kwako kuna kijana aliyetoka kidato cha nne na D au E, tafadhali usimsomee. Soma naye.

Marko hakutoka kwa watu wasiojulikana. Mamake, Mariamu, alikuwa na nyumba Yerusalemu, na ndani ya nyumba hiyo kanisa lilikuwa likiomba usiku ule Petro alipotolewa gerezani. Barnaba alikuwa jamaa yake. Alichukuliwa kwenda kazini pamoja na mitume, nafasi ambayo wengi wangeitamani. Walipofika Perge ya Pamfilia akawaacha, akarudi nyumbani. Luka hasemi kwa nini. Wahubiri ndio hujaza: aliogopa milima, alikuwa mlegevu, alimkosa mama. Mimi naomba tuache pale Luka alipoachia, kwa sababu mambo ya kujazia tunawafanyia hata vijana wetu. Karatasi ya matokeo inasema D peke yake. Sababu tunaiandika sisi, tukiwa mlangoni baada ya ibada.

Yangu pia ilikuwa D. Karatasi haikuandika kwamba mwaka wa mwisho nilikaa nyumbani wiki nyingi kuliko darasani kwa ajili ya karo. Iliandika D, na Januari ile kila mtu kanisani alikuwa na swali moja tu kwangu.

Hebu tuangalie hesabu kidogo. KCSE ya mwaka 2023 ilifanywa na watahiniwa karibu 900,000. Waliopata C+ kwenda juu, ile ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 201,133. Yaani katika kila vijana 10, karibu 8 hawakufika hapo. Hao 8 ndio wanaotupigia ngoma Jumapili, ndio wanaopanga viti. Tukifundisha kana kwamba Mungu ana mpango na wale 2 tu, basi tumefunga kanisa.

Turudi kwa Marko. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka wamchukue tena. Paulo akakataa. Simlaumu Paulo sana; alikuwa na kazi ngumu mbele yake na alihitaji mtu asiyerudi njiani. Lakini ugomvi ulikuwa mkali mpaka wakaachana. Paulo akaenda na Sila, na Barnaba akamchukua Marko, wakapanda meli kwenda Kipro.

Hapo kwenye Kipro tukae kidogo. Kipro ilikuwa kwao Barnaba. Na kuanzia hapo Luka haandiki tena neno moja juu ya Marko. Hakuna muujiza ulioandikwa, hakuna umati. Miaka zaidi ya kumi baadaye, Paulo akiwa mfungwa na karibu kufa, anamwagiza Timotheo aje na Marko, kwa maana anamfaa katika huduma. Ni Paulo yule yule aliyemkataa. Kati ya kukataliwa na kuitwa tena kuna miaka ambayo hakuna aliyemwandika. Naamini ilikuwa miaka ya kujifunza.

Kipro yangu ilikuwa chuo cha ufundi. Niliingia nikiwa na miaka 24, baada ya kubeba mawe kwenye mjengo kwa miaka kadhaa, nikaketi na watoto wa miaka 18. Nilianza chini kabisa, kozi ya fundi wa stima, ambayo hata mwenye E anapokelewa. Ngazi ya pili ni cheti cha ufundi, kinachotaka D. Ya tatu ni diploma, inayotaka C-. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili: ukimaliza ngazi moja vizuri, unapanda inayofuata kwa cheti ulichopata chuoni, ile D haikuzuii tena. Na mwenye diploma nzuri anaweza kuomba digrii. Njia ni ndefu, sikatai. Lakini inafika.

Nakumbuka somo la shawa ya maji moto. Mwalimu aliandika wati 5,000, volti 240, akauliza waya gani. Gawanya: ni ampea karibu 21. Waya mwembamba wa soketi, ule wa 2.5, ukiufungia mzigo huo kila asubuhi utachemka ndani ya ukuta, na nyumba inaweza kuungua familia ikiwa imelala. Hesabu hiyo hiyo ya kugawanya nilikutana nayo sekondari kama herufi tatu ubaoni, na haikuniingia. Sasa ilikuwa na waya, ukuta na watoto wa mtu. Ikaingia siku moja.

Kuna wanaosema kazi ya mkono ni ya waliofeli. Wasome Kutoka 31. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye nini? Kuchonga mawe, kufua dhahabu, kuchora mbao. Roho yule yule tunayemwomba usiku wa kesha.

Barnaba wangu alikuwa mama mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani. Hakunihubiria. Alilipa karo ya muhula wa kwanza, akaja nami mpaka dirisha la uandikishaji, akangoja kwenye benchi. Leo kuna mkopo wa HELB hata kwa vyuo vya ufundi, na maombi ya nafasi hupitia KUCCPS, lakini wengi hukwama kabla ya hapo, kwenye nauli, picha na ada ya kwanza. Wazee wa kanisa, hapo ndipo sadaka yetu inaweza kufanya kazi.

Sisi wa Waithaka hatuna kisingizio cha umbali. Riruta kuna P.C. Kinyanjui, chuo chenye jina la chifu mkuu Kinyanjui wa Gathirimu. Ukivuka Uthiru unafika Kabete, ambako ufundi unafundishwa tangu miaka ya 1920.

Neno moja kwa wale ambao cheti chao cha KCSE kimeshikwa shuleni kwa deni la karo. Najua mko wengi, na mmenyamaza kwa aibu. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 hairuhusu shule wala mtu yeyote kuzuia cheti cha mtahiniwa. Deni linabaki deni, na litalipwa, ila cheti ni chako. Enda na mzazi au mzee wa kanisa, ongea na mwalimu mkuu kwa heshima, peleka barua na ubaki na nakala.

Jumapili baada ya ibada ya pili nitakuwa kwenye chumba cha vijana, nikisaidiwa na dada mmoja anayesomea ushonaji. Tutaandika barua hizo na kujaza fomu pamoja. Njoo na kitambulisho, namba yako ya mtihani na mwaka uliofanya. Hutaulizwa ulipata nini mbele ya watu.