Kabla Hujafunga Kamba: Maswali ya Madereva wa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Dar es Salaam imehamia pembezoni. Watu wamejenga Goba, Madale, Kibamba, Bunju, Chanika na Kigamboni, ilhali mafundi na maduka ya spea wanayoyaamini yamebaki Ilala na Kariakoo. Gari likizima njiani, kati yake na fundi kuna kilomita nyingi za foleni, vumbi na milima ya udongo mwekundu. Magari mengi yanayotufikia gereji yakiwa yamevutwa huwa yameharibika mara mbili. Mara ya kwanza ni uchakavu wa kawaida, labda pampu ya mafuta au mpira wa rejeta. Mara ya pili ni jinsi yalivyoshughulikiwa barabarani, na matengenezo yake mara nyingi huizidi gharama ya lile tatizo la kwanza. Maswali tuliyoyachagua yanahusu nafasi hiyo ya katikati, tangu gari lizime hadi lifike kwa fundi.

Fundi, gari likinizimia usiku Barabara ya Morogoro, nimeshavuka Kibamba, nianzie wapi?

Anza kulitoa barabarani lingali na mwendo. Injini ikizima, gari halisimami hapo hapo. Washa taa za tahadhari na ulielekeze kushoto taratibu. Usukani utakuwa mzito, na ukishakanyaga breki mara mbili tatu pedali nayo itakuwa ngumu, kwa sababu nguvu inayokusaidia kwenye vyote viwili hutoka kwenye injini. Breki bado zipo, ila zinataka mguu wenye nguvu. Usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama kabisa, maana usukani unaweza kujifunga.

Likishasimama, shukeni wote kwa milango ya kushoto, msogee mbali na lami. Msikae nyuma ya gari, wala asibaki mtoto ndani eti amelala. Tangu barabara hii ipanuliwe kutoka Kimara hadi Kibaha, magari yanapita kwa kasi kubwa. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, na dereva akishtuka na kukanyaga breki, hata lami ikiwa kavu, anahitaji mita 60 au 70 hadi asimame. Ukiweka pembetatu hatua kumi nyuma ya gari lako, huyo anayekuja utakuwa hujamsaidia. Iweke mita 50 au zaidi, na kama umezimikia baada ya kona au kilima, irudishe hadi kabla ya kona yenyewe.

Tuna desturi ya kukata matawi na kuyapanga barabarani. Kama huna pembetatu, matawi ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini usiku hayarudishi mwanga, na mawe yanayowekwa kuyashikilia ndiyo balaa. Gari linaondoka asubuhi, mawe yanabaki, na usiku unaofuata bodaboda anayavaa. Naomba kwa dhati kabisa: ukiondoka, toa kila ulichokiweka.

Ukiona moshi au ukisikia harufu ya petroli, usifungue boneti uchungulie. Sogeeni mbali na upige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Vijana wanakuja na kamba na Noah, wanasema watanivuta hadi gereji. Nikubali?

Jibu linategemea gia boksi yako, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Gari la gia za mkono lenye usukani na breki nzima linaweza kuvutwa kwa kamba mwendo mfupi, pole pole, mtu anayejua akiwa kwenye usukani. Otomatiki ni habari nyingine. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna pampu inayosukuma oili kulainisha vyuma, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, magurudumu yanazungusha vyuma vya gia boksi bila oili kufika. Mtu anaweka gia kwenye N, anadhani amemaliza, anavutwa kutoka Bunju hadi Mwenge. Gari lilikuwa na tatizo la pampu ya mafuta, sasa lina gia boksi iliyoungua. Vitabu vya magari mengi hutaja kikomo cha mwendo na umbali, na mara nyingi ni kidogo, kama kilomita 30 kwa saa. Tafuta ukurasa huo kwenye kitabu cha gari lako leo, lingali zima.

IST ya kawaida, Vitz, Raum na ndugu zao husukumwa na magurudumu ya mbele. Haya yanaweza kuvutwa na gari linalonyanyua mbele, ya nyuma yakibiringika, mradi hendibreki imeachiwa. Subaru Forester na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu yote manne muda wote yabebwe mazima mazima, juu ya lori lile lenye kitanda kinachoshuka. Ukinyanyua mawili na mengine mawili yakaendelea kuzunguka, unatafuna vyuma vya katikati. Prius na Aqua nazo zina mota ya umeme iliyoungana na magurudumu ya mbele. Yakizunguka, mota inazalisha umeme hata kama gari limezimwa. Magurudumu ya mbele yasiguse ardhi kabisa.

Kama kamba haikwepeki, isifungwe kwenye bampa wala kwenye mikono ya magurudumu. Magari mengi yana ndoano ya kuvutia inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofunikwa na kijifuniko kwenye bampa, na ndoano yenyewe hukaa pamoja na jeki. Magari mengi yaliyotumika Japani hufika hapa bila hiyo ndoano. Angalia yako.

Asubuhi Goba gari halisikii kabisa, linasema "tk tk tk" tu. Jirani ana Fuso. Anaweza kunishtulia betri?

Hapana, mama. Gari lako lina volti 12, Fuso nyingi zina mfumo wa volti 24. Ukiunganisha, unaweza kuua kompyuta ya gari na taa kwa sekunde moja. Tafuta gari dogo kama lako.

Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibane chuma tupu cha injini ya gari lako, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoshika moto kwa cheche. Acha gari la msaada liungurume dakika chache kabla ya kuwasha lako.

Likiwaka, mwambie fundi apime. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, inapaswa kuwa kati ya 13.7 na 14.5 hivi. Ikibaki 12, betri haina kosa: oltaneta haichaji, na ukinunua betri mpya nayo itakufa. Joto la huku kwetu hufupisha maisha ya betri kuliko nchi za baridi, kwa hiyo ikianza kuvuta kwa uzito asubuhi, usisubiri izime.

Masika gari limezima ndani ya maji. Nijaribu kuwasha tena?

Usijaribu hata mara moja. Injini ikiwa imevuta maji, pistoni inakutana na kitu kisichobanika, na fimbo zake hupinda. Injini ambayo ingepona kwa kukaushwa na kubadilishiwa oili inakuwa chuma chakavu. Gari litolewe kwa winchi au kwa kusukumwa, lipandishwe juu ya kitanda, na fundi achomoe plagi kabla ya kugusa swichi.

Nikipiga simu kuita gari la kuvuta, niseme nini?

Pembezoni hakuna namba za nyumba, na "nipo Madale, karibu na mti mkubwa" hutufikisha kwa mtu mwingine. Tuma eneo ulipo kwa WhatsApp, kisha taja upande wa barabara: unaelekea mjini au unatoka mjini? Kwenye barabara yenye ukuta wa katikati, kukosea upande ni kwenda kutafuta pa kugeuzia mbali sana.

Taja aina ya gari, otomatiki au la, magurudumu yanazunguka au yamekwama, na kama limetumbukia mtaroni. Gari lililo barabarani na gari lililo ndani ya mtaro ni kazi mbili tofauti, na la pili linahitaji winchi yenye nguvu. Betri ikiwa imekufa na gia imekwama kwenye P, sema hivyo pia. Magari mengi yana kijitundu karibu na mkono wa gia: ukibonyeza kwa ufunguo huku umekanyaga breki, gia inaachia.

Bei inapangwaje, na bima inalipa?

Patana kabla ndoano haijagusa gari. Bei inategemea umbali, aina ya gari la kubebea, kukwamua na usiku. Uliza kama umbali unahesabiwa kutoka kwao, au kutoka gari lilipo hadi gereji. Maelewano yaandikwe kwenye meseji, hata mstari mmoja.

Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwingine, na wewe haikuvuti. Bima kubwa nyingi hurudisha gharama za kuvuta baada ya ajali, kwa kikomo kilichoandikwa, na zinataka risiti. Ikiwa ni ajali yenye majeruhi, piga 112 na usikubali gari liondolewe kabla polisi hawajapima.

Nina kirikuu tatu na Canter moja za kusambaza maji na soda Tegeta hadi Bunju. Nahitaji mkataba?

Kwa biashara yako, ndiyo. Hasara kubwa kwako ni wateja kukosa mzigo, na mzigo wenyewe kukaa juani. Mkataba utaje muda wa kufika, nani anahamisha mzigo na nani anaulinda. Canter iliyobeba kreti haivutwi ikiwa imejaa: breki na shasi vinaumia, na gari la kuvuta lenyewe linazidiwa mlimani. Kila gari liwe na tairi la akiba lenye upepo, jeki na wili spana inayoingia kwenye nati zake. Madereva wako wafanye zoezi la kubadilisha tairi uani kwako, mara moja kwa gari halisi. Nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo zinaweza kugoma kabisa mkononi, na hilo ni afadhali ulijue ukiwa uani.

Naweza kukaa ndani ya gari langu likiwa limebebwa juu?

Hapana, wala mtoto, wala mlinzi wa mzigo. Mikanda ikilegea, gari linateleza na wewe ndani. Panda kwenye kibini ya gari la kubebea kama kuna nafasi, au chukua bajaji ukatangulie gereji. Kabla halijaondoka, piga picha pande zote nne na dashibodi inayoonyesha kilomita, toa vitu vyako, kisha mkabidhi dereva ufunguo wa gari peke yake, bila ule wa nyumba.