Taa Chini ya Boneti: Somo la Umeme katika Gari la Zamani

Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa Kanuni ya Ohm kwa betri kavu, kipande cha waya na globu ndogo juu ya meza. Ni wachache wapatao kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi mahali ambapo uzembe mdogo waweza kuteketeza gari zima. Katika makala haya tutaitumia kueleza kazi moja ya ufundi: kufunga taa chini ya boneti ya gari la zamani.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya East African Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Tuseme mwenye gari hilo anakaa Bunju, katika Wilaya ya Kinondoni, naye husafiri usiku kwa Barabara ya Bagamoyo. Mkanda wa feni ukikatika gizani, atahitaji mikono yote miwili. Taa ya wati 5 iliyofungwa chini ya boneti itamtosha.

Sakiti yenyewe

Mkondo hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi, waya na taa, kisha huingia katika swichi iliyofungwa kwenye madigadi. Swichi hii ni ya kubonyea, kama ile ya mlangoni. Boneti ikifunguliwa, kipini chake huchomoza na kuunganisha waya na bodi. Bodi ya gari ndiyo hurudisha mkondo kwenye ncha hasi. Boneti ikifungwa, kipini hubonyezwa na sakiti hukatika.

Kwa betri ya volti 12, taa ya wati 5 huvuta ampea 5 ÷ 12, yaani 0.42. Waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 hivi kwa kila mita. Mita 2 zitakuwa na omu 0.034. Joto linalozalishwa katika waya ni mraba wa mkondo mara ukinzani: 0.42 × 0.42 × 0.034, yaani wati 0.006. Waya hautapata joto la kuhisiwa kwa mkono.

Hatari iliyojificha

Angalia sasa jambo ambalo wengi hawalitambui. Kwa kuwa swichi imewekwa upande wa bodi, waya utokao kwenye betri hadi kwenye taa una volti 12 usiku na mchana, hata gari likiwa limezimwa na ufunguo umo mfukoni. Mtikisiko wa injini ukiusugua waya huo kwenye ukingo wa bati hadi gamba lake litoboke karibu na taa, mkondo hautapita tena katika taa. Utakwenda moja kwa moja kwenye bodi.

Tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba ukinzani wa ndani ya betri ni omu 0.01. Jumla ya ukinzani ni omu 0.044, na mkondo utakuwa 12 ÷ 0.044, yaani ampea 270 hivi. Joto katika waya litazidi wati 2,400, zaidi ya birika nyingi za umeme. Lakini birika hupasha moto maji lita nzima, na waya wetu una gramu 18 tu za shaba. Kwa kiwango hicho joto lake hupanda kwa nyuzi zaidi ya 300 kwa sekunde moja. Gamba la plastiki litayeyuka mara moja, na jirani yake ni kabureta na mpira wa petroli.

Kwa hiyo fyuzi haifungwi ili kuilinda taa. Kazi yake ni kuulinda waya, na mahali pake ni karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyowekwa karibu na taa haiwezi kuzuia mkondo unaovuja kabla ya kuifikia. Fyuzi ya ampea 2 yatosha. Anayeweka kipande cha waya badala ya fyuzi ameondoa kinga yote.

Kutu na swichi

Kutu huongeza ukinzani. Taa yetu ikiwaka ina omu 28.8. Kutu chini ya swichi ikiongeza omu 10, mkondo utashuka hadi ampea 0.31 hivi, na taa itapata chini ya wati 3. Kwa hiyo bati lipigwe msasa hadi ling'ae, kisha lipakwe grisi baada ya kukaza skrubu. Jambo hili lina uzito zaidi mahali panapofikiwa na hewa ya chumvi ya bahari.

Swichi isipobonyezwa sawasawa, taa itabaki ikiwaka ndani ya boneti iliyofungwa. Gari likiegeshwa Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi, zitapita saa 60, na taa itakuwa imetumia ampea-saa 25. Hiyo ni zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45, na huenda injini isiwake. Ili kuhakikisha, bandika kitonge cha udongo wa mfinyanzi juu ya kipini, funga boneti, kisha fungua upime unene uliobaki.

Baadhi ya taa za zamani zilitumia swichi ya zebaki. Zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 unakusudia kupunguza matumizi yake. Swichi kama hiyo isivunjwe wala kuchezewa.

Kabla ya kuanza

Fungua kwanza waya wa betri ulioungwa kwenye bodi. Spana ikigusa bati wakati huo haitaleta cheche, kwa kuwa pande zote mbili ni bodi. Pia thibitisha ni ncha ipi iliyoungwa: Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 ziliunga ncha chanya kwenye bodi. Taa ya uzi huwaka vyovyote vile, lakini taa ya LED, ambayo ni diodi, hupitisha mkondo upande mmoja tu.

Maswali

1. Volkswagen za zamani zilitumia betri ya volti 6. Taa ya wati 5 itavuta ampea ngapi humo?

2. Taa ya LED ya wati 1 ikisahauliwa ikiwaka kwa saa 60 kwenye betri ya volti 12, itatumia ampea-saa ngapi?

3. Eleza kwa nini fyuzi ya ampea 30 haifai katika sakiti hii, ijapokuwa taa itawaka vizuri.