Bibi Akutane na Mchumba wa Mjukuu: Namna ya Kuliandika Onyesho

Katika vichekesho vya televisheni, onyesho hili huharibika pale mwandishi anapomfanya bibi kuwa mkorofi. Bibi anafoka, binti analia, mtazamaji anabadilisha stesheni. Kwetu bibi hana haja ya ukali ili aingilie mapenzi ya mjukuu wake, ana utani. Tangu kijana anatambaa anamwita "mume wangu". Kwa hiyo binti anayebisha hodi leo ni mke mwenza, na nusu ya kazi yako imekwisha.

Anza na salamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Usiongeze neno. Binti asijue acheke au aombe radhi, kijana atazame sakafu. Kicheko kitakuja chenyewe.

Kisha mpe bibi kazi ya mikono. Mtihani wa kupika umeandikwa mpaka umechosha, uache. Mimi ningetumia sindano. Bibi anashona kifungo cha shati la mjukuu, macho yamepungua nguvu, anamwomba mgeni amtungie uzi. Binti akishalenga tundu, maswali yaanze: kwenu ni wapi, mama hajambo, huyu mmejuana lini? Uzi unapita pembeni. Binti anaulowesha mdomoni, anajaribu tena, swali jingine linamfikia. Kijana akinyoosha mkono kusaidia, bibi amkatize: "Kaa chini. Ulitunga uzi lini wewe?" Ugomvi wote umo ndani ya shati hilo, yaani nani atalishona kuanzia leo. Mhusika yeyote asilitamke. Kamera isogee kwenye vidole.

Ukitaka mfano wa kujifunzia, tafuta One Day at a Time, toleo lililoanza Netflix mwaka 2017. Rita Moreno anaigiza Lydia, bibi mzaliwa wa Kuba anayeishi Los Angeles na binti yake na wajukuu. Lydia humwita mjukuu wake wa kiume, Alex, "Papito". Chumba cha Lydia kimetengwa na sebule kwa pazia, naye hulifungua kwa mbwembwe zote. Angalia jinsi pazia hilo linavyomweka bibi karibu na kila mazungumzo. Nyumba zetu zina mapazia ya milangoni tele, na waandishi wetu huyaacha yaning'inie bure.

Chunga muda. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, hubaki na dakika 22 hivi. Sindano isile zaidi ya tatu.

Binti naye ajibu utani, mara moja tu na kwa adabu. Akimkabidhi bibi sindano yenye uzi, aseme: "Bibi, mimi sikuja kukunyang'anya. Naomba zamu tu." Hapo bibi aangue kicheko, ampishe mkekani, ila shati abaki nalo mapajani. Akilitoa katika kipindi cha kwanza, wiki ijayo huna cha kuandika.