Nuru Isiyoonekana Kisangani

Mji wa Kisangani uko karibu sana na ikweta; kutoka mjini mpaka mstari huo ni kilometa zisizofika 60. Usiku, wavuvi Wagenia penye maporomoko ya mto Kongo huona mwezi, nyota na radi za mvua. Lakini nuru ya kijani itandayo angani kule Norwei, iitwayo aurora, hawaioni. Ajabu ni hii: mara nyingi safari ya nuru hiyo huanzia juu ya ikweta.

Dunia ni kama sumaku kubwa. Ndiyo maana sindano ya dira huelekea kaskazini. Nguvu ya sumaku hiyo ina njia zake. Hutoka ardhini upande wa kusini, hupanda, hupita juu ya ikweta, kisha hushuka upande wa kaskazini. Njia nyingine hupita mbali mno, kilometa 30,000 na zaidi kutoka ardhini. Humo chembe ndogo sana za umeme, ziitwazo elektroni, huenda na kurudi. Zikishuka karibu na ncha za dunia, sumaku huzidi nguvu na kuzirudisha juu. Zimenaswa, kama samaki katika mtego wa Wagenia.

Ni nini basi kinachozifungulia? Ni mawimbi ya umeme na sumaku yaliyoko huko juu ya ikweta. Yakigeuzwa kuwa sauti, hulia kama ndege wengi wakati wa mapambazuko, na kwa hiyo wataalamu huyaita kwaya. Mawimbi hayo huzisukuma elektroni, nyingine zikapotoka na kupenya. Hizo huteremka mpaka hewa nyembamba, kilometa 100 hivi juu ya ardhi, huipiga, nayo hutoa nuru. Mwaka 2018 wataalamu walieleza jinsi Arase, satelaiti ya Wajapani, ilivyozipima elektroni zikisukumwa hivyo.

Nuru hiyo si yenye umbo la pazia kama ile ya kwenye picha. Ni hafifu, imetanda kama ukungu, na pengine jicho haliioni. Hata hivyo elektroni zake huipasha moto hewa ya juu na kuitia umeme, hata mawimbi ya redio hubadilika mwendo.

Mwezi wa Mei 2024 jua liliitikisa sana sumaku ya dunia, aurora ikapigwa picha hata Afrika Kusini. Kisangani haikufika. Njia za sumaku zinazogusa ardhi ya Kisangani ni fupi, tena hupita chini. Hazifiki kule kwenye kwaya.

Maswali
1. Elektroni hunaswa na nini?
2. Kwa nini mawimbi yale yaliitwa kwaya?
3. Chora dunia, Kisangani, na njia moja ndefu ya sumaku.