Mtoto Anaposumbuliwa na Maziwa
Kijitabu cha wazazi na walezi wa watoto wadogo

Mtoto akitapika au akiharisha baada ya kunywa maziwa, wengi wetu tunakuwa na jibu hata kabla ya kufika zahanati: maziwa yamemkataa. Jirani atasema ni mchango, bibi atasema mama amekula kitu kisichofaa, na kufikia jioni mtoto ameshanyimwa maziwa, wakati mwingine hata titi la mama yake. Tunaomba msiharakishe. Maziwa yanaweza kumsumbua mtoto kwa njia mbili zisizofanana, kila moja na matunzo yake, na mara nyingi tu maziwa hayana kosa lolote.

Mzio ni kitu kimoja, laktosi ni kingine

Mzio unatokana na kinga ya mwili, ambayo huiona protini ya maziwa ya ng'ombe kuwa adui na kuishambulia. Huanza mapema, kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza, mtoto anapoanzishiwa maziwa ya kopo au uji uliotiwa maziwa. Kwa baadhi ya watoto hata tone moja linatosha.

Tatizo la pili halihusiani na kinga. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, nayo humeng'enywa utumboni na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Laktasi ikiwa haba, sukari hiyo inafika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachusha, tumbo linajaa gesi na kunguruma, na mtoto anaharisha majimaji yenye harufu ya uchachu yanayomwachia matako mekundu. Linamtesa mtoto, lakini halivimbishi midomo wala halibani pumzi.

Karibu watoto wote huzaliwa na laktasi ya kutosha. Isingekuwa hivyo wasingeweza kunyonya, kwa maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Kwa takriban theluthi mbili ya watu duniani laktasi hupungua baada ya utoto, tena polepole, kwa hiyo wanaolalamika zaidi ni watoto wakubwa na watu wazima. Jamii za wafugaji zina bahati yao: utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wengi wao katika Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya jeni yanayofanya laktasi iendelee kutengenezwa ukubwani. Baba akiwa hawezi kumaliza glasi ya maziwa, hiyo si sababu ya kumwachisha mtoto wake wa miezi sita.

Mtoto mdogo anayepungukiwa na laktasi mara nyingi ni yule aliyetoka kuharisha vibaya. Utando wa utumbo umechubuka, na unahitaji wiki chache kujijenga upya. Huyu aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekezwa kliniki, na aendelee kula. Kumfungia chakula mtoto anayeharisha ni desturi inayoua.

Angalia saa, na uandike

Chukulia mtoto wa miezi minane aliyeanza kuonjeshwa mtindi. Saa 1:00 asubuhi amelishwa vijiko vitatu. Saa 1:15 kidevu na mashavu yamejaa mabaka yaliyoinuka kama aliyeumwa na mbu, anafikicha macho, kisha anatapika. Huo ni mzio wa papo hapo. Dalili zake hutokea ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hazizidi saa mbili.

Mwingine ana miezi mitatu, ananyonya na kuongezewa maziwa ya kopo. Hana mabaka. Lakini tangu kopo lifunguliwe kinyesi kina ute na michirizi ya damu, pumu ya ngozi haikauki mashavuni, anajinyonga na kulia akilishwa, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala. Huu nao ni mzio, ila ni wa taratibu. Unaweza kuchukua saa nyingi, hata siku mbili au tatu, ndipo ujitokeze, na ndiyo maana familia inaweza kuhangaika miezi bila kuuona.

Daftari la shule linatosha. Andika alichokula, kiasi, saa, dalili ya kwanza na saa yake, na dawa alizopewa. Piga picha ya vipele na ya nepi yenye damu, kwa sababu mkifika kwa daktari ngozi inaweza kuwa imeshatulia. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbukakumbuka.

Kuna mambo ya kawaida ambayo hayahitaji kuhangaikiwa. Mtoto anayecheua huku anacheka na kuongezeka uzito yuko salama. Kilio cha jioni cha mtoto mchanga hupungua chenyewe afikapo miezi mitatu au minne. Kinyesi laini cha njano mara kadhaa kwa siku ni cha kawaida kwa anayenyonya. Damu kwenye kinyesi, kinyume chake, ipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani inaweza kuwa kuhara damu.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mtoto akivimba ulimi au koo, sauti ikikauka ghafla, kifua kikitoa mlio wa filimbi, akipauka, akilegea au akizimia, usisubiri. Vivyo hivyo akitapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula mpaka ananyong'onyea. Mlaze, usimsimamishe; lakini kama anahema kwa shida mwache akae kwa namna inayomrahisishia pumzi. Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini. Dawa ya mafua au ya kuwashwa haitoshi, na kumnywesha maziwa au mafuta "kukata sumu" ni kumwongezea hatari.

Kuondoa, halafu kurudisha

Kipimo cha ngozi au cha damu hupatikana katika baadhi ya hospitali kubwa na husaidia kwa mzio wa papo hapo. Kwa ule wa taratibu vipimo hivyo havitoi jibu. Vipimo vya nywele vinavyotangazwa mitandaoni ni hasara tupu.

Kwa mzio wa taratibu, njia ya uhakika ni kuondoa maziwa yote ya ng'ombe kwa wiki mbili hadi nne kwa ushauri wa mtaalamu, kisha kuyarudisha. Dalili zikiisha na kurudi pamoja na maziwa, jibu limepatikana. Hatua ya kurudisha ndiyo tunayoiruka, kwa hofu inayoeleweka, na matokeo yake mtoto anakaa miaka bila maziwa kwa ugonjwa uliopona wenyewe. Mtoto aliyewahi kuvimba, kubanwa pumzi au kutapika mpaka akalegea asirudishiwe maziwa nyumbani. Hilo hufanyika hospitali.

Anayenyonya asiachishwe. Inapobidi, mama ndiye anayeacha vyakula vya maziwa kwa wiki hizo, na asiendelee kama hakuna mabadiliko. Anayetegemea kopo anahitaji aina maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Ni ghali na haipatikani kila duka la dawa, kwa hiyo uliza mapema.

Vibadala vya uongo na vya kweli

Maziwa ya mbuzi hayasaidii. Protini zake zimefanana mno na za ng'ombe, na wengi wa wenye mzio huo hudhurika na yote mawili. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi mzio. Mtindi una laktosi kidogo, hivyo huweza kumfaa mwenye shida ya laktosi, lakini protini yake iko palepale. Maziwa yaliyoondolewa laktosi pia si ya mwenye mzio. Tui la nazi linaunga mboga vizuri, ila halina protini wala kalsiamu ya kutosha kuwa badala ya maziwa.

Dukani soma kifungashio. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza: milk, whey, casein na butter yote ni maziwa. Yamo ndani ya biskuti, mkate wa maziwa, baadhi ya majarini, chokoleti, soseji, na unga wa lishe ulioongezewa maziwa ya unga. Mahamri ya nazi yanaweza kuwa salama, lakini muulize muuzaji, maana wengine huchanganya.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban miligramu 500 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wanasaidia sana. Waoshe mpaka mchanga uishe, wakaange bila mafuta hadi wakauke, watwange, uchekeche, na umtilie kijiko kwenye uji au kwenye ndizi zilizopondwa. Ongeza sukuma wiki, maharage, ufuta uliosagwa, yai na parachichi. Chai ya rangi isiwe mbadala. Inapunguza ufyonzaji wa madini ya chuma.

Wanaomlisha, na siku ya kujaribu tena

Mwenye mzio hulishwa na watu wengi. Bandika karatasi jikoni, mpe mwalimu wa chekechea nakala, ukiandika asichokula, dalili zake na hospitali iliyo karibu. Zungumza na bibi kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kwani kijiko cha samli anachokitia kwenye wali ni maziwa.

Watoto wengi huuacha mzio huu wanapokua, wengi kabla ya kuanza darasa la kwanza. Kwa mzio mwepesi wa taratibu, mtaalamu huanza kurudisha maziwa mtoto akiwa na miezi 9 hadi 12, au baada ya miezi sita bila maziwa. Huanza na kipande kidogo cha biskuti yenye maziwa iliyookwa vizuri, kwa kuwa moto mkali wa tanuri pamoja na ngano hupunguza ukali wa protini. Akivumilia kwa siku kadhaa hupewa keki, baadaye mtindi, na mwisho maziwa yenyewe. Dalili zikirudi, mnarudi ngazi moja nyuma na kujaribu tena baada ya miezi michache. Jaribio lifanyike asubuhi, mtoto akiwa mzima, siku ambayo kituo cha afya kiko wazi.